Fundi wa Baridi ya Mirihi

Ojwang Odera alikuwa fundi wa baridi. Hivyo ndivyo alivyojitambulisha siku alipohamia Igogo, hapa Mwanza, nyumba ya tatu kutoka kwangu, wakati mimi bado nafundisha darasa la nne. Hakusema fundi friji kama wengine wanavyosema. Kazi yake ilikuwa kwenye vyumba vikubwa vya kiwanda cha minofu, ambamo sangara waligandishwa mpaka wakagongana kama kuni. Alitoka Rorya akiwa kijana, akaanza kwa kusukuma toroli za samaki, na baada ya miaka michache yeye ndiye aliyeitwa kila kompresa ilipogoma.

Yeye na mkewe Akelo walijaliwa watoto watatu. Wa kwanza ni Kevin, ambaye yuko Geita, kwenye migodi. Wa pili, Favour, alifariki akiwa na miaka minne. Viungo vilimuuma, tumbo likavimba, na ndugu wa pande zote mbili kila mmoja akasema lake. Wa tatu alikuwa Rachel. Alipofika miezi minane na vidole vyake vikaanza kuvimba kama vya marehemu kaka yake, Akelo hakungoja maneno ya ndugu. Alimpeleka hospitali, damu ikapimwa, wakaambiwa ni selimundu. Chembe za damu zinazotakiwa kuwa za mviringo hupinda kama mundu, zikanasa kwenye mishipa, na popote zinaponasa ni maumivu. Waliambiwa pia kwamba huenda ndiyo iliyomchukua Favour. Kisha wakatajiwa mambo ya kumwepusha nayo mtoto: malaria, kiu, uchovu, na baridi.

Hilo la mwisho Ojwang alilisikia kama mtu aliyetajwa kwa jina lake. Tangu siku hiyo akitoka kazini hakuingia ndani moja kwa moja. Aliketi kwanza juani, kwenye jiwe mbele ya mlango wake, mpaka viganja vikapata joto, ndipo akambeba mtoto. Sisi majirani tulidhani ana ugomvi na mkewe.

Rachel alikua hivyo hivyo, kwa kukatishwakatishwa. Kila mwaka alikuwa na majuma yake ya kitandani, ya dripu na ya kuongezewa damu. Nilimfundisha mwenyewe, na katika miaka thelathini ya chaki sijaona mwandiko wa mtoto uliotulia kama wake. Februari, Mwanza inapochemka, yeye yuko darasani na sweta na soksi. Wenzake walimcheka, naye akacheka nao. Alimaliza kidato cha sita akiwa amechelewa miaka miwili, akaanza masomo ya maabara, akayaacha katikati baada ya kulazwa mara tatu ndani ya muhula mmoja. Akarudi nyumbani, ana miaka ishirini na tatu, akawa anasoma chochote kilichochapishwa, hata karatasi za kufungia vitumbua.

Wakati huo samaki walikwishapungua na kiwanda kilikwishapunguza watu, Ojwang akiwa mmoja wao. Alikuwa akitengeneza friji za baa na za mabucha pale alipotafutwa na mwanamke mmoja aliyeitwa Dokta Specioza Kashaija.

Specioza ni Mhaya wa Bukoba, mtoto wa mkulima wa kahawa. Alisomea nje habari za viumbe vidogo, akarudi kufundisha katika chuo kimoja upande wa Buswelu. Alikuja mwenyewe hadi Igogo, akampa Ojwang shikamoo, akaketi kwenye ndoo iliyogeuzwa kwa kuwa kiti kilikuwa na vipuri. Ojwang ameniambia maneno yake ya kwanza hajayasahau.

“Mzee, nataka unitengenezee chumba ambacho ndani yake si duniani.”

Alimweleza habari za Mirihi, ile sayari inayoonekana kama nyota nyekundu. Hewa yake ni nyepesi kiasi kwamba haifikii sehemu moja ya mia ya hii yetu, na karibu yote ni ile gesi inayotoa povu kwenye soda. Baridi yake hushuka nyuzi sitini chini ya sifuri na zaidi, na mionzi ya jua inachoma ardhi bila kizuizi. Sisi hatuwezi kwenda huko, alisema, lakini hali ya huko inaweza kuletwa hapa, ikafungiwa ndani ya chuma. Ukiweka kiumbe humo utajua kama kinaweza kuvumilia. Kiumbe alichotaka kukiweka kilikuwa ule ukoga mkavu, wa kijivu na wa rangi ya chungwa, unaong’ang’ania mawe ya Mwanza. Watu hupita wakidhani ni doa la jiwe, kumbe ni viumbe viwili vilivyoungana vikaishi kama kimoja, kwenye jua kali, bila udongo, na wakati mwingine bila maji kwa miezi.

Ojwang alikubali. Anasema hakukubali kwa kuwa alielewa faida yake. Alikubali kwa sababu tangu atoke kiwandani hakuna mtu aliyekuwa amempa kazi ngumu.

Kuujenga mtambo kulichukua miezi minane. Walipata bomba nene la chuma, urefu wa mita mbili, lililotolewa kwenye bwela la zamani, tangi la kuchemshia maji ya mvuke. Ojwang alichomelea kifuniko upande mmoja, na upande wa pili akaweka mlango wa boliti kumi na sita wenye dirisha la kioo kinene. Akaunganisha kompresa mbili, moja ikiipooza nyingine, kwa sababu moja peke yake isingefika kwenye baridi ile. Pampu ikanyonya hewa, silinda ikaingiza gesi, taa maalumu zikatoa mionzi. Kazi iliyomtesa zaidi ilikuwa kuzuia uvujaji. Alijaza upepo ndani, akapaka povu la sabuni kila kiungo, akatafuta kipovu kinachovimba. Akiziba hapa, panavuja pale. Siku mshale wa geji ya kupimia hewa uliposhuka hadi pale Dokta alipotia alama ya wino, ukakaa hapo siku tatu bila kutikisika, Ojwang alirudi Igogo akiimba nyimbo za kanisani kwa Kijaluo, na Ojwang si mtu wa kuimba.

Nyumbani hakuwa na kingine cha kuzungumza. Rachel alimsikiliza, mwisho akaomba apelekwe akaone. Akelo hakupenda. Alisema mtoto wake hapelekwi mahali pa baridi kama pale. Ojwang akamwapia kwamba baridi yote iko ndani ya chuma, na kwamba chumba chenyewe kina joto kuliko jiko kwa sababu ya zile kompresa. Na ilikuwa kweli.

Basi Rachel akaenda. Alisimama mbele ya kile kioo muda mrefu, akitazama udongo mwekundu uliochekechwa na vipande vya mawe vimepangwa juu yake chini ya taa. Akamuuliza baba yake kuhusu hewa, kuhusu baridi, naye akamjibu yote.

“Mimi humo nisingemaliza hata dakika moja,” Rachel akasema.

“Hakuna mtu ambaye angemaliza dakika.”

“Basi huko wote tuko sawa,” akasema.

Dokta Specioza, aliyekuwa mezani kwake, aliyasikia maneno hayo. Juma lililofuata alimwita Rachel akampa kazi: kusoma vipimo mara nne kwa siku, kuviandika kwenye daftari na kuchora kila kipande kinavyoonekana. Kompyuta nayo ilirekodi, lakini umeme wa kwetu tunaujua, na Dokta alitaka kuwe na mkono wa mtu.

Ule mwaka ulikuwa wa Rachel. Kliniki walikuwa wamempa vidonge vipya vya kumeza kila siku, na kwa miezi kumi na moja hakulazwa hata mara moja. Kila asubuhi alipita mlangoni kwangu na baba yake, sweta mwilini, daftari ndani ya mfuko wa plastiki asije akalilowesha. Akiniona alisimama, akanipa shikamoo, na kunipa habari za huko kana kwamba ametoka safari: jana Mirihi palikuwa na nyuzi hasi sitini na nne, Mwalimu, leo tutaona. Akelo naye taratibu akaacha kumgusa paji la uso kila anaporudi.

Jaribio lenyewe lilipangwa kuwa la siku mia moja, lianze mwishoni mwa Januari. Vipande viliwekwa kumi na viwili, kila kimoja na namba yake. Rachel aliomba kimoja akichague yeye. Akapanda kwenye majabali nyuma ya nyumba yao, akabandua kipande cha rangi ya chungwa cha ukubwa wa kifungo cha koti, na hicho ndicho kikawa namba tisa. Boliti zikakazwa, hewa ikanyonywa, siku zikaanza kuhesabiwa.

Siku ya sitini na tatu ilikuwa mwishoni mwa Machi, masika yameanza kwa nguvu. Umeme ulikatika saa tano asubuhi. Betri ziliendesha pampu na taa, lakini kompresa zilihitaji jenereta, na jenereta ya chuo siku hiyo iligoma. Ojwang alikuwa Igogo kwa fundi mwenzake, Dokta alikuwa kwenye mkutano mjini. Rachel ndiye aliyekuwepo. Aliona joto ndani ya bomba linaanza kupanda, akampigia baba yake simu. Kisha, kwa kuwa barafu kavu ya akiba ilitunzwa kwenye kasha ndani ya jengo jingine, ng’ambo ya uwanja, akaenda kuomba lifunguliwe. Mvua ilikuwa ikinyesha. Alirudi amelowa mpaka mifupani, na mlinzi aliyemsaidia kubeba kasha amelowa vilevile.

Ojwang, aliyecheleweshwa njiani na mvua, alifika saa nane. Alivaa glavu akaanza kupanga barafu ile kuzunguka bomba, akiifunika kwa magunia. Barafu kavu haiachi maji, inageuka moshi mweupe unaotambaa sakafuni, na moshi huo si salama chumba kikifungwa. Ikabidi mlango na madirisha yaachwe wazi. Upepo wa mvua ukaingia. Rachel alisimama mbele ya geji na daftari lake, nguo zimemganda mwilini, moshi umemzunguka miguu, akimsomea baba yake namba: hasi arobaini na moja, hasi arobaini na tatu, hasi arobaini na tatu bado.

Aliyonieleza Ojwang kuhusu saa ile nayaandika kama alivyoyasema. Alimwona anatetemeka. Hakumwona kwa pembe ya jicho, alimwona sawasawa, mikono yake inatetemeka mpaka kalamu inagonga daftari. Akamwambia aende nyumbani akabadilishe nguo. Rachel akasema atangoja kwanza mshale utulie, asije akakosa kuandika. Ojwang akamwacha. Namba zilikuwa zinashuka, naye peke yake asingeweza kupanga barafu na kusoma geji kwa pamoja. Anasema wakati ule alitaka mshale utulie kuliko kitu kingine chochote duniani. Ulitulia saa kumi kasoro. Jaribio likaokoka.

Siku ya pili yake Rachel aliamka na maumivu ya mgongo. Siku ya tatu yakahamia kifuani, akawa anavuta pumzi fupi fupi, macho yamekuwa ya njano. Wakamkimbiza hospitali. Alipewa dawa, damu, na hewa ya mtungi kwa mrija wa puani. Ojwang alikaa kando ya kitanda akitazama geji ya ule mtungi, kwa sababu ndicho kitu pekee mle chumbani alichokielewa. Alijua kuisoma, alijua kilichobaki, alijua lini watahitaji mwingine, naye aliwaambia wauguzi kabla hawajaona. Katika mambo mengine yote hakuwa na la kufanya. Rachel alikuwa na fahamu. Siku ya tatu pale wodini alimuuliza baba yake ni nani anaandika vipimo. Akamwambia Dokta anaandika mwenyewe. Rachel akasema mwandiko wa Dokta haueleweki. Akafariki siku iliyofuata, saa nne asubuhi, mama yake akiwa amemshika miguu, akiisugua ipate joto.

Daktari aliyemhudumia aliwaita wote wawili. Aliwaambia kwamba kwa ugonjwa huu kifua huweza kubana kwa sababu nyingi, na vipimo vilionyesha pia vijidudu vya malaria. Hakuna anayeweza kusema ni nini kilichoanzisha. Akelo aliitikia kwa kichwa. Alijua Rachel alinyeshewa, maana alimpokea yeye jioni ile na kumkanda kwa maji moto. Hakujua zaidi ya hapo. Ojwang hakufungua mdomo.

Walimsafirisha kwenda Rorya. Huko ukazuka mjadala, kwa sababu kwa mila ya Wajaluo binti mkubwa asiyeolewa hazikwi ndani ya boma. Hupelekwa nje ya uzio. Wazee walilisema hilo kwa upole, kama jambo linalojulikana. Akelo, ambaye tangu hospitali alikuwa hajasema maneno kumi, aliwaambia mwanawe amekaa pembeni maisha yake yote, wenzake wakicheza yeye ametazama, na kaburini hatakaa pembeni. Mchungaji akamuunga mkono. Kaburi likachimbwa ndani ya boma, kando ya lile la Favour. Dokta Specioza alikuja, akasafiri njia yote ile peke yake. Alimvuta Ojwang kando akamwambia kama anataka mtambo uzimwe, atauzima siku hiyo hiyo kwa simu. Ojwang akajibu kwamba Rachel hakukaa kwenye mvua ili uzimwe. Specioza aliyachukua maneno hayo kama ya uchungu tu. Hakuyaelewa, na Ojwang hakumfafanulia.

Waliporudi Mwanza alikwenda Buswelu kila siku mpaka ya mia. Alisoma vipimo mwenyewe, akaviandika kwenye daftari lile lile chini ya mistari ya Rachel, herufi zake kubwa zimeinama huku na huko. Kevin alikuja kutoka Geita kukaa na wazazi wake majuma kadhaa.

Siku ya mia walifungua. Hewa ya kwetu iliingia polepole mpaka mshale ukarudi mahali pake, boliti zikalegezwa, vipande vikatolewa, vikanyunyiziwa maji na kuwekwa kwenye mwanga. Kuna kifaa kinachopima kama kitu kinavuta gesi, yaani kama kiko hai. Walingoja siku tano. Kati ya vipande kumi na viwili, vitano viliamka. Dokta alilia kwa furaha, kisha akaona aibu. Kipande namba tisa hakikuamka. Walikirudia mara tatu. Kilikuwa na rangi yake ile ile ya chungwa, mtu asiyejua angesema kizima, lakini kilikuwa kimekufa.

Jioni ile Kevin alimpokea baba yake njiani, akamuuliza. Alipoambiwa, akamwomba asimwambie mama. Mama amekuwa akikiulizia kile kipande cha dada tangu juzi, alisema, mwambie kimepona, nani atajua? Ojwang aliniambia kwamba alitembea kutoka barabarani hadi mlangoni akiwa amekwishakubali kudanganya. Maneno alikuwa nayo tayari mdomoni.

Akelo alikuwa anachambua dagaa uani. Akauliza bila kuinua kichwa.

“Cha Rachel kimeamka?”

“Hapana,” Ojwang akasema. “Vingine vimeamka. Chake kimekufa.”

Akelo akaendelea na dagaa. Kisha akasema, “Afadhali umenieleza ukweli, Baba Kevin. Nilidhani utanidanganya.”

Nadhani ni shukrani ile iliyomvunja. Kama Akelo angelia, au angemlaumu, huenda Ojwang angekaa na siri yake mpaka leo. Lakini aliketi chini pale pale uani, akamsimulia siku ya sitini na tatu: jinsi mlango ulivyokuwa wazi, jinsi alivyomwona Rachel anatetemeka, jinsi kalamu ilivyogonga daftari, na kwamba alimwambia aende, kisha hadi saa kumi kasoro akamwacha abaki kwa kuwa alimhitaji. Hakujitetea. Hakutaja malaria.

Akelo alimsikiliza hadi mwisho. Akanawa mikono. Akaingiza dagaa ndani. Asubuhi alipakia nguo zake kwenye begi, akaja kwangu kuniaga, akaniambia anakwenda Rorya kulima, mihogo haijipandi. Hakusema atarudi lini nami sikuuliza.

Ojwang alikaa peke yake tangu Mei. Aliacha kwenda Buswelu. Dokta alimpigia, akamtumia watu, mara mbili alikuja mwenyewe. Ojwang alimwambia hawezi. Alitengeneza friji za watu mlangoni, akala anapopika, na siku nyingine hakupika. Nilikuwa nampelekea uji. Ndipo aliponisimulia haya yote, kwa vipande, siku hadi siku, akiwa ameshika bisibisi na macho yake kwenye kazi.

Mwezi wa kumi na moja Specioza alikuja tena, safari hii na karatasi zilizochapishwa. Ripoti ya lile jaribio ilikuwa imekubaliwa na jarida la wanasayansi. Imeandikwa kwa Kiingereza, kurasa kumi na nne, ina michoro, na mitatu kati ya michoro hiyo ni ya mkono wa Rachel. Chini ya kichwa kuna majina matatu ya waandishi. La Dokta ni la kwanza, la Rachel Ojwang la pili, la Ojwang Odera la tatu. Ojwang alipitisha kidole juu ya jina la pili, akaomba apewe nakala nyingine. Kesho yake alipanda basi la Rorya.

Alimkuta Akelo shambani. Hawakusalimiana sana. Walirudi bomani, wakaketi karibu na makaburi, naye akamkabidhi zile karatasi. Akelo hasomi Kiingereza, lakini jina la mwanawe alilipata mara moja.

“Hiki kimsalaba mwisho wa jina lake ni cha nini?”

“Ni alama yao. Maana yake ameshafariki.”

“Na wote wanaosoma huko kwao wataelewa?”

“Dokta anasema wataelewa.”

Akelo alizikunja karatasi kwa mkunjo ule ule, akaziweka mapajani. Ojwang anasema ng’ombe walipita, mbuzi wakapita, na yeye hakuthubutu kuondoka. Kisha mkewe akamuuliza swali ambalo bila shaka alikuwa nalo tangu Mei.

“Ulimwambia aende mara ngapi?”

“Mara moja.”

“Mara moja tu.”

“Mara moja, Mama Kevin.”

Akelo alikwenda kumpikia ugali; Ojwang akala, akalala, asubuhi akapanda basi kurudi Mwanza.

Akelo alirudi Igogo Februari iliyofuata, baada ya palizi. Hakutoa taarifa, nilimwona tu anafagia uani. Ojwang naye akarudi Buswelu. Kuna jaribio la pili sasa, la siku mia mbili, na mwanafunzi mmoja wa kike anaandika vipimo. Ojwang humfukuza arudi nyumbani mawingu yakionekana tu upande wa ziwa, hata kama ni saa sita mchana, hata kama binti huyo ni mzima na haelewi kwa nini.

Wanaishi vizuri kiasi. Kanisani, maana ni Wasabato, huketi pamoja Jumamosi. Akelo hamuulizi habari za kazi yake, naye hazileti nyumbani. Siku moja tukichota maji nilimuuliza Akelo, kwa kuwa mimi ni mtu mzima na ninaweza kuuliza, kama amemsamehe mume wake. Alifikiri mpaka ndoo yake ikajaa. Akasema hajamsamehe, na hajui kama atamsamehe. Lakini kule Rorya, alisema, alikaa miezi tisa na watu wema waliomwonea huruma, na hakuwepo hata mmoja ambaye angeweza kuzungumza naye habari za Rachel bila yeye kwanza kumweleza mtu huyo Rachel alikuwa mtu wa namna gani.